Picha Inapanda

Saa nane ya mchana, jua la Isiolo likiwa limeketi juu ya mabati, sebule ya Fosia ilikuwa giza kama ghala. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa, mlango umerudishwa, na ndani walijilaza wanaume watu wazima, viwiko vyao juu ya mito yake ya harusi, shavu moja la kila mmoja limevimba miraa. Harufu ilimpokea Fosia mlangoni kabla macho yake hayajazoea giza: moshi wa sigara, soksi, majani yaliyotafunwa yakachacha, na kopo tupu la mafuta ya Kimbo lililojaa mate. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulibeba kopo hilo kwenda kulimwaga. Kazi hiyo ilikuwa yake, pamoja na kuleta birika jingine la chai.

"Hirsi, picha inapanda," alisema mmoja wao bila kugeuza kichwa.

Mbele ya televisheni, karibu kiasi cha kuweza kuilamba, alikuwa ameketi mwanawe. Mkono wake wa kulia ulikuwa pembeni mwa kioo, vidole viwili vimeshika kitufe kidogo. Alikizungusha kidogo, akakirudisha kidogo, na yule Mchina wa kwenye picha, ambaye miguu yake ilikuwa imempita kichwa, akashuka akarudi mahali pake na kuendelea kupiga watu mateke. Wanaume wakaguna kwa kuridhika. Hirsi hakuuondoa mkono.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Deki ya video ilikuwa imeletwa kutoka Jidda na amu yake aliyekuwa dereva huko, televisheni ilinunuliwa kuukuu Nairobi, na vitu hivyo viwili havikupatana hata siku moja. Na jenereta iliyonguruma uani, ya kuchomelea vyuma vya lori, ilizidi kuvigombanisha. Picha ilipanda, ikapanda, ikapanda, mpaka mtu aishike. Awale, baba mtu, alijaribu kuishika akashindwa, maana mikono yake ilizoea usukani wa lori lake la Bedford. Ni Hirsi tu aliyekijua kitufe. Kwa hiyo kila siku akitoka shule kula chakula cha mchana hakurudi tena darasani. Aliketi pale, uso umemulikwa rangi ya bluu, mpaka adhana ya magharibi, kijana wa miaka kumi na minne ambaye babake alimgeuza kuwa spea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wa Awale walikuwa na miezi mitano na hawakupewa hata ufagio.

Fosia aliweka birika chini. Mahamud, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye mifugo yake ndiyo iliyojaza lori la Awale kutoka Merti, alinyoosha kikombe bila kumtazama, kisha akatema kando ya kopo. Mate ya kijani yakatua kwenye zulia, yakakaa pale yanang'aa kwa mwanga wa televisheni. Fosia aliyatazama. Akamtazama mwanawe, ambaye kijasho kilimtoka puani na jicho moja lilikuwa likicheza lenyewe. Kinyaa kikamjaa, akaenda kuchukua kitambaa.

Shuleni walimwita Fosia siku ya Jumatatu. Mwalimu Mungania alimpokea nje ya darasa la nane, akamwuliza habari ya nyumbani, akamsimamisha dirishani ili ajionee mwenyewe. Kisha akarudi ndani na kumwamuru Hirsi asome kilichoandikwa ubaoni.

Hirsi alisimama. Alikunja uso, akainamisha shingo upande huu na upande ule, akasoma kitu ambacho hakikuwepo. Darasa likacheka. "Bundi," mmoja akanong'ona, na wengine wakalidaka jina, maana ilionekana walikuwa nalo tayari na walilipenda. Mama yake, nje ya dirisha, alijivutia shela usoni.

"Huyu kijana alikuwa namba tatu, mama," Mungania alisema walipobaki wawili. "Namba tatu. Saa hii analala kwa dawati mpaka anakoroma. Mchana hayuko. Kichwa inamuuma kila siku. Hata maziwa ya Nyayo, hii ya bure ya shule, akikunywa anatapika, sasa anapatia wengine. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja."

"Macho ni ya ukoo," Fosia alidanganya. "Hata babu yake alikuwa hivyo."

"Sawa, lakini mpeleke hospitali." Mwalimu alikwaruza chaki kwenye ukucha wake, akapunguza sauti. "Na ni ukweli hapo kwenu kuna video? Watoto wanasema. Mimi pia ningepita siku moja, Jumamosi hivi, kama mzee hatajali."

Fosia alimwambia karibu. Angesema nini kingine? Alitembea mpaka hospitali akimshika Hirsi kiganja kama mtoto mdogo, na tusi alilokuwa nalo mdomoni hakupata mtu wa kumtupia.

Daktari mdogo wa zamu aliyatazama macho kwa tochi, akamwuliza kijana analala vipi, anakula nini, anashinda wapi. Fosia akajibu yote kwa niaba yake. Daktari alisikiliza, akaizima tochi.

"Haoni mbali. Mpeleke Meru apimwe miwani," alisema. "Na hiyo televisheni, mtoe hapo mbele kabisa. Si kidogo, kabisa. Acha alale, acha acheze nje, ale. Kichwa itapoa polepole. Ukimwacha hapo, dawa yangu ni ya bure."

Awale alikuwa amelala chini ya lori, miguu peke yake ikionekana, wakati mkewe alipomletea habari hizo. Fosia alizungumza na ile miguu.

"Miwani?" miguu ilijibu. "Mtoto wa Awale avae miwani? Babu yangu alikuja hapa na bunduki ya Mwingereza begani, alikuwa anaona askari wa adui ng'ambo ya mlima. Sasa mimi nitembeze kijana na vioo kwa uso kama karani?"

"Basi mtoe kwa televisheni tu. Miwani tutaona baadaye."

"Nani atashika picha?"

"Shika wewe."

Miguu ikajikunja. Kisha Awale akajivuta nje, grisi mpaka kwenye ndevu, akaketi akiegemea gurudumu. Hakuwa mtu mkali. Afadhali angekuwa mkali, Fosia aliwaza, kuliko hivi alivyokuwa, mtu wa kutaka kila mmoja amfurahie isipokuwa wa nyumbani kwake.

"Mama Hirsi, sikiza," alisema. "Kuna malori mangapi hii Isiolo? Yote inataka mbuzi ya Mahamud. Mahamud anakuja kwangu, anakula miraa kwangu, anaangalia picha kwangu, halafu anapakia kwangu. Nimwambie nini? Bibi yangu amefunga sinema?"

"Mwambie mtoto ni mgonjwa."

"Mgonjwa anatibiwa." Awale alipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Kuna mzee wa Biliqo, Kanchoro. Ameponya kichwa ya watu wengi. Hata mimi, nikiwa mdogo, nilichomwa hapa, na hapa." Alionyesha makovu mawili ya duara kwenye panda la uso, moja kila upande, kati ya jicho na sikio. "Niliwahi kuumwa kichwa tena? Atakuja na lori safari hii. Ataweka moto, na kijana apumzike mpaka kidonda ikauke. Hatagusa televisheni. Nakuapia, walaahi."

"Ukiapa unaapa kweli?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, Fosia. Wewe unamwonea huruma mpaka anapofuka."

Fosia alikijua chuma hicho cha moto. Kwao hakuna aliyekua bila alama. Dada yake alichomwa tumbo akapona, binamu yake alichomwa mgongo akafa, na kwa wote wawili ilisemwa kwamba moto ulifanya kazi yake. Lakini hakusikia moto katika maneno ya mumewe. Alisikia "apumzike", na "hatagusa televisheni", na akashika hayo mawili kwa mikono yote. Alikubali. Alipokuwa akirudi jikoni alijiona anachukiza kama wao, maana alikuwa amemuuza mtoto kwenye chuma ili amnunue kutoka kwenye kioo.

Zikabaki siku za kulisubiri lori, safari hii mikononi mwa dereva wa kibarua, lirudi kutoka Korbesa na Biliqo. Fosia alijaribu kumshikilia Hirsi kwa njia yake. Alasiri moja alimketisha uani, kivulini mwa tangi la maji, akampa mchele wa kuchambua ili macho yatazame kitu kisichoruka. Ndani wanaume walikuwa wameanza, na jenereta inanguruma.

Hirsi alichambua kidogo, kisha mkono wake ukasimama juu ya ungo. Vidole viwili vikaanza kuzungusha hewa, huku na huku.

"Acha hivyo," Fosia akamwambia.

"Nini?"

Hakujua anafanya. Mamake alimshika vidole, vilikuwa baridi kwenye joto lote lile. "Kichwa inauma wapi?"

"Hapa nyuma ya macho. Hooyo, mama yangu, nikifunga macho bado inapanda."

"Nini inapanda?"

"Picha. Hata usiku. Napanda nayo mpaka natapika." Akacheka kidogo kama mtu anayesema jambo la aibu. Kisha akainua shingo kuelekea dirisha la sebule, ambako kelele zilikuwa zimeanza. "Umeona? Imewapotea. Hawajui kuishika. Acha niende."

"Mchana huu tu, Hirsi. Kaa na mimi."

"Kukaa na wewe nifanye nini?" alisema, si kwa jeuri, alikuwa anauliza kweli. "Shuleni wananiita Bundi. Hapo ndani wananiita Hirsi. Mahamud mwenyewe ananiita Hirsi."

Fosia alimsogezea ungo. Ndipo Awale alipoita kutoka dirishani, sauti yake tamu kama ya kumwita mtu wa heshima, na mchele ukamwagika mchangani.

Mzee Kanchoro alishuka kutoka juu ya magunia siku ya Alhamisi, mwembamba, kofia yake imejaa vumbi la njia. Alikuwa mpole. Alimsalimia Fosia salaam aleikum, akamwuliza hali ya mifugo ingawa aliona wazi kwamba nyumba ile haikuwa na mifugo, akaomba jiko na mkaa mzuri. Chuma chake kilikuwa kijiti cha urefu wa mkono, ncha imepigwa bapa, mpini umezungushiwa ngozi.

"Moto inawekwa pale ugonjwa inalala," alimweleza Fosia wakati akipuliza mkaa. "Ukiweka kando, umeumiza mtu bure. Ugonjwa inacheka."

"Na utajua vipi inapolala?"

"Mgonjwa anaonyesha."

Fosia alidhani kazi ingefanyika uani. Lakini wageni walikuwa wameshaingia, Mahamud kwenye mto wake wa kila siku, na picha ilikuwa imeshaanza. Awale akatoka akasema jiko liingizwe ndani, kuna kivuli, na wanaume watasaidia kumshika kijana asije akaruka.

"Uliapa," Fosia alisema.

"Akichomwa ndiyo anaanza kupumzika. Bado hajachomwa. Acha hii moja iishe."

Wakaliingiza jiko. Sebule ile, iliyokuwa na moshi wa sigara na uvundo wa kopo, sasa ikapata na mkaa. Hirsi hakutolewa mahali pake. Ilionekana rahisi zaidi aketi vile vile, mbele ya kioo, mkono kwenye kitufe, na mamake akae nyuma yake amshike kichwa. Mwalimu Mungania alikuwepo, ingawa Jumamosi yake haijafika, mpya miongoni mwao, amepewa pembe ya zulia. Alimwona Fosia akashusha macho, kisha akayarudisha kwenye picha.

Kanchoro alichukua chuma kikiwa chekundu, akainama. Fosia aliusikia mshipa wa panda la uso wa mwanawe ukipiga chini ya kidole chake. Alisubiri. Aliendelea kusubiri. Alipoinua macho alimwona mzee amesimama vile vile, chuma hewani, mdomo wazi, akitazama juu ya kichwa cha Hirsi. Mchina alikuwa amezungukwa na watu wenye mapanga. Kanchoro hakuwa amewahi kuona kitu kama kile Biliqo.

"Mzee," Fosia alisema. "Mzee."

"Eh," alisema Kanchoro, na akachoma. Macho yake yalikuwa hayajarudi vizuri, hivyo chuma kikaangukia juu ya nyusi badala ya panda. Ngozi ikalia, moshi mwembamba ukapanda, na harufu yake Fosia aliijua, harufu ya ngozi ya mnyama anayepigwa chapa. Mzee alitazama akaona amekosea. Chuma kimepoa. Akakirudisha jikoni, akakipasha tena, akachoma mara ya pili mahali penyewe, kisha upande wa pili, akitupa jicho kwenye picha kila alipopata nafasi.

Hirsi hakutikisika. Hakuguna, hakuvuta pumzi, hata kope hazikugongana.

"Mwanamume," Mahamud alisema kwa heshima. "Ona. Hata jicho hajapepesa."

"Damu ya askari," Awale akajibu, na sauti yake ilijaa.

Wanaume wote wakasifu. Ila Fosia, aliyekuwa amemkumbatia kichwa, alikiona kile ambacho hawakukiona. Aliinama akautazama uso wa mwanawe kwa upande. Mboni zilikuwa zinamfuata Mchina. Zilikwenda kushoto alipokwenda kushoto, zikapanda aliporuka. Mdomo ulikuwa umeachama kidogo kama wa mzee Kanchoro, na uzi wa mate umening'inia. Hakuwa jasiri mtoto yule. Hakuwepo. Walikuwa wamechoma nyumba isiyokuwa na mtu.

Fosia alikuwa na woga mkubwa wa kukisikia kilio cha mwanawe siku hiyo. Sasa angetoa chochote akisikie.

"Basi," alisema. Alimpangusa mate kwa ncha ya shela. "Amechomwa. Inuka Hirsi, twende ukalale. Baba Hirsi, mwambie ainuke."

Awale aliinuka nusu, kweli. Huenda angesema. Lakini wakati huo huo Mchina akaanza kukatika kiunoni, miguu ikampita kichwa, na Mahamud akatoa kijiti cha miraa mdomoni.

"Hirsi," alisema kwa upole, "picha inapanda."

Fosia alimtazama mumewe. Kila mtu mle ndani angeweza kuona neno alilokuwa anangoja kwake, hata mwalimu, ambaye alijishughulisha na kuchagua karanga. Awale alikuna shingo.

"Rekebisha tu kidogo," alimwambia mwanawe. "Halafu utaenda kulala. Kidogo tu."

Mkono wa Hirsi ulikuwa umeshafika kabla babake hajamaliza, na maji ya kidonda yalikuwa yameanza kumtelemka kwenye nyusi.

Chuma kilikuwa jikoni. Kanchoro alikuwa amekirudisha kwenye mkaa na kukisahau, naye ameketi chini kati ya wageni, mtu amempa kijiti. Fosia alikishika kwa mpini wa ngozi. Kilikuwa chekundu kuliko kilivyokuwa mara zote za mwanzo. Hakukimbia, hakupiga kelele. Baadaye walipokuwa wakisimulia mjini kwamba mke wa Awale alipandwa na jini, mwalimu peke yake ndiye aliyesema hapana, alitembea kama mtu anayepeleka chai.

"Mzee Kanchoro," alisema, "ulisema moto inawekwa pale ugonjwa inalala."

Akapiga goti kando ya mwanawe, akauinua kwa ncha ya chuma ule mlango mdogo wa deki unaomeza kaseti, akakisukuma ndani mpaka ngozi ya mpini ikagusa. Kitu kikapasuka, kikalia kama mafuta kikaangoni. Moshi mweusi ukatoka, mzito, unaowasha macho. Mchina akavutika, akawa mistari, na kioo kikajaa chenga tupu.

Wanaume wakainuka kwa pamoja wakikanyaga vikombe. Kopo la Kimbo likaanguka, na uchafu wote wa mchana ule ukatambaa kwenye zulia mpaka kwenye nguo nyeupe ya Mahamud. Mahamud akaipandisha nguo kwa vidole viwili, uso umemkunjamana kwa kinyaa, akatoka bila kuaga. Awale akamfuata uani akimwita, akimwambia ngoja, ngoja ndugu yangu, ni wanawake tu. Mzee Kanchoro alichukua kofia yake. Fosia akavuta mapazia, jua likaingia lote, na waliobaki wakafunika macho wakatafuta viatu vyao.

Ndipo aliposikia kilio alichokuwa akikingoja. Hirsi alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo chenye chenga, na kijana ambaye chuma hakikumtoa hata chozi sasa alilia kwa sauti, mabega yakimruka, kama mtu aliyefiwa.

"Hooyo," alisema, "umeiua."

Fosia alisimama pale mwangani. Kile kinyaa kilichokuwa kimemkaa miezi yote ile, cha mate na soksi na wageni wasioondoka, kilipanda tena, na kwa mara ya kwanza kilimwelekea mwanawe mwenyewe. Hilo lilimtisha kuliko yote. Akachuchumaa nyuma yake, akamkumbatia haraka, kabla hisia ile haijapata mahali pa kukaa.

Uani jenereta ilikuwa bado inanguruma. Vidole viwili vya Hirsi vilikuwa kwenye kitufe, vikizungusha kidogo, vikirudisha kidogo, vikitafuta picha ndani ya zile chenga. Mamake akaanza kuvibandua kimoja kimoja, na kila alichokibandua kilirudi.